Mafundi, acheni silikoni kwenye vioo vya magari ya zamani

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo ila kwa sisi tunaoshinda na magari ya zamani ni kubwa sana, nalo ni kioo cha mbele na namna kinavyofungwa gari inapofufuliwa. Tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha Oktoba 2024 naona watu wengi wamepata moto, utasikia huyu kavuta Land Rover ya mzee wake kutoka shamba, yule kapata Peugeot 404 imekaa chini ya mwembe toka enzi na enzi, mwingine ana Beetle anataka aipige rangi upya. Mi hilo linanifurahisha kwa kweli, maana kuna kipindi magari haya yalikuwa yanakatwa yanauzwa kilo kama chuma chakavu na hakuna aliyekuwa anajali.

Lakini gari inatoka gereji rangi inang'aa, kromu safi, viti vipya vya ngozi, halafu ukisogea karibu unakuta kioo cha mbele kimebandikwa kwa silikoni kama tangi la samaki. Mwenye gari hajui, kafurahi, kapiga picha kaweka mtandaoni. Misimu ya mvua ikishapita kidogo tu anaanza kuona rangi inavimba pale chini ya kioo, kapeti inanuka, nyaya za dashibodi zinaanza vituko, na hapo ndo anarudi kwa fundi kulalamika kwamba gari za zamani zinasumbua. Gari haina shida jamani. Shida ni ile silikoni.

Msimamo wangu ni mmoja tu, gari ambayo kiwandani ilitoka na kioo kilichovaa mpira irudishiwe mpira, na chuma kilicho chini ya mpira kitibiwe kwanza kabla kioo hakijasogezwa karibu.

Najua hii tabia imetokea wapi na siwalaumu sana vijana, maana wamejifunzia kwenye IST, Noah na Harrier. Magari hayo kioo cha mbele kinashikwa na gundi ya yurethani na kule kioo kina kazi nzito, kinasaidia bodi isijinyonge, kinasaidia kushikilia paa gari ikipinduka, na eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikifumuka inaegemea kioo ndo imfikie mtu vizuri. Kwa hiyo kwenye magari hayo gundi ni lazima, tena gundi yenyewe sio silikoni ya kuzibia sinki, ni gundi yake maalum na inataka muda wa kukauka kabla gari haijaingia barabarani. Sasa kijana akitoka hapo akaletewa 404 au Beetle anaona mpira ni ushamba wa zamani, anautupa, anamimina silikoni, kazi imeisha ndani ya saa moja.

Ila magari haya ya zamani yamebuniwa tofauti kabisa. Kioo hakibebi bodi, kinaelea ndani ya mpira. Gari ikiingia kwenye korongo bodi inajinyonga kidogo, bati linavuta huku na kule, mpira unameza kule kujinyonga na kioo kinabaki hakijui kilichotokea. Ukikigandisha kwenye bati unakuwa umemuondoa yule wa katikati aliyekuwa anapokea vishindo, kila kishindo kinaenda moja kwa moja kwenye kioo, ndo maana mtu anaamka asubuhi anakuta ufa umetoka kona ya chini unapanda juu na hakuna jiwe lililogonga. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1966 na 1967 aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar es Salaam, pembeni yake Chris Rothwell. Fikiria matope na mawe ya barabara za wakati ule, na kioo cha gari ile kimekaa kwenye mpira. Mtu asiniambie mpira hauwezi barabara zetu.

Halafu kuna jambo la kutu lenyewe. Silikoni nyingi zinazouzwa madukani ukizifungua zinatoa harufu kali ya siki, na ile ni asidi inayotoka wakati inaganda. Ukiipaka kwenye bati tupu, au bati lenye rangi iliyochubuka, umeipandia kutu kwa mkono wako mwenyewe. Na ikishaganda haitoki yote, inaacha utando usioonekana, na siku ukitaka kupiga rangi upya rangi inakataa kushika, inatoboka vitobo vitobo, unasaga unapiga tena inatoboka tena. Fundi rangi yeyote aliyewahi kukutana nayo atakwambia.

Nililetewa 404 moja kutoka upande wa Korogwe, imetengenezwa kwenye gereji ambayo sitaitaja, kwa macho ilikuwa nzuri sana. Mwenyewe analalamika maji yanaingia miguuni. Tulipokata ile silikoni tukakuta ukingo wa bati unaoshika mpira umekwisha upande mzima wa chini, yaani unasukuma kwa kidole bati linaporomoka kama majani makavu ya chai, na juu yake kulikuwa kumejazwa puti, ile rojo ya kusawazishia bati, ikapigwa rangi. Aliyefanya aliona kutu, akajua, akafunika. Mzee wa watu alishalipa hela ya gari nzima. Ikabidi dashibodi itoke, kioo kitoke, tukate bati bovu tuchomelee jipya, na rangi ya mbele yote irudiwe. Kazi ambayo ingefanyika mara moja ikafanyika mara mbili na mara ya pili ni ghali zaidi kwa sababu unavunja kilicho kizima ili ukifikie kibovu.

Kwa hiyo wenye magari someni hapa vizuri, kata hata hiki kipande cha gazeti umpelekee fundi wako.

Kwanza kioo cha zamani kinavyotoka. Mpira wa zamani umeshakuwa mgumu, usihangaike kuuokoa, ukate mdomo wake wa nje kwa wembe mzunguko wote kisha kioo kisukumwe taratibu kutoka ndani na mwingine akipokee nje. Mafundi wengi wanachokonoa kwa bisibisi wakitaka mpira utoke mzima, mpira unachanika hata hivyo na kioo kinapasuka juu yake. Mpira mpya unaweza kuagizwa, kioo cha 404 kilichojikunja vile ukikivunja utazunguka sana. Na kikishatoka kisimamishwe kwa ukingo wake juu ya mbao au blanketi, kikiegemea ukuta, kisilazwe chali sakafuni watu wakaweka spana juu yake.

Kisha bati. Hapa ndo penye kazi yenyewe na hapa ndo watu wanapokimbia. Ule ukingo mzima usafishwe mpaka chuma kionekane, brashi ya waya, msasa, palipooza pakatwe pachomelewe bati jipya na pale palipochomelewa pasagwe na grenda mpaka pawe sawa, kwa sababu mfereji wa mpira umetengenezwa kwa unene fulani wa bati. Ukiacha kinundu cha kuchomelea au ukanenepesha kwa puti, kile kinundu kitakuwa kinakandamiza kioo sehemu moja usiku na mchana na siku moja kitapasuka. Puti kwenye ukingo wa kioo mi naikataa kabisa. Baada ya hapo praima ya kuzuia kutu, rangi, na rangi iachwe ikauke sawasawa, sio ikikauka juu tu, maana mpira unabana na rangi mbichi itachubuka au itanasa kwenye mpira. Mtu ana harusi Jumamosi anataka kioo kifungwe Alhamisi na rangi imepigwa Jumatano. Hapana. Bora harusi waazime gari nyingine.

Kabla ya kufunga jaribu kioo kwenye nafasi yake bila mpira uone kama uwazi unalingana pande zote, maana gari iliyowahi kugongwa fremu yake inaweza kuwa imekaa upande na usipojua mapema utakuja kulazimisha. Na gari iwe imesimama kwa matairi yake yote kwenye sakafu iliyonyooka, isiwe juu ya jeki upande mmoja. Kitambaa cha dari kiwe kimeshawekwa maana kwenye gari nyingi hizi ncha yake inapita chini ya mpira, na kazi za juu ya dashibodi, nyaya, mabomba ya hewa ya kioo, fanya kabla, kuna nafasi ya kuingiza mikono na mwanga upo.

Sasa mpira wenyewe. Uwe mpya na uwe wa gari hiyo, sio wa gari inayofanana. Uanike juani ulainike, hapa Tanga jua la saa sita linatosha kabisa, wa Lushoto na Arusha wakati wa baridi wauloweke kwenye maji ya moto. Uvalishe kwenye kioo, kona kwanza, ukae vizuri mzunguko wote. Kama gari yako ina ule mkanda wa kromu unaozama ndani ya mpira, kwenye magari kama Beetle unauingiza sasa, kioo kikiwa bado mezani, kwa sababu kikishakaa kwenye gari hautaingia tena na ukilazimisha unaukunja, na mkanda wa kromu ukishakunjika alama haiondoki.

Halafu kamba. Chukua kamba ya nailoni laini, unene wa milimita 4 hivi, ipitishe kwenye ule mfereji wa mpira unaoingia kwenye bati, mzunguko mzima, na ncha zake mbili zipishane kama shubiri moja katikati pale chini. Paka mfereji maji ya sabuni, na ukingo wa bati pia. Sabuni, sio grisi wala oili chafu, mafuta yanaula mpira unavimba na kuoza na baada ya mwaka utakuwa unaning'inia. Watu wawili wanakiweka kioo kutokea nje, chini kwanza kikae, ncha za kamba ziwe ndani ya gari. Mmoja akae ndani avute kamba taratibu akiipeleka kuelekea katikati ya kioo, ule mdomo wa mpira unakuwa unaruka juu ya bati wenyewe kidogo kidogo, na wa nje anamfuata pale pale kamba ilipofika akigonga kwa kiganja kilichofunguka. Kiganja, sio ngumi, na nyundo ya mpira ikae mbali. Chini kote kwanza, kisha pande zote mbili zipande sawa, juu mwisho. Mkifika kona punguzeni mwendo, hapo ndo vioo vingi vinapofia. Kamba ikigoma msivute kwa hasira, rudini, sabuni tena, sukumeni kioo kidogo upande mwingine, endeleeni. Hii kazi inataka watu wanaosikilizana, wa nje na wa ndani wawe wanaongea muda wote, redio izimwe.

Kikishakaa unasuuza sabuni yote kwa maji safi, kisha chini ya mdomo wa nje wa mpira unapitisha mastiki isiyoganda, ile inayobaki laini miaka yote, kidogo tu, unafuta inayotoka nje. Hiyo ndo kazi ya kuzuia maji, na siku kioo kikitaka kutoka kitatoka bila vita. Baada ya siku mbili tatu mpira ukishatulia mwagia maji ya mpira wa bustani, mtu akae ndani na tochi aangalie kona za chini. Kisha ndo urudishe waipa, na waipa ziwe na mipira mipya, sio zile chuma tupu zinazokwangua.

Wenye Land Rover za Series, zile za zamani, nyie mna bahati ambayo wenzenu hawana. Kioo chenu ni bapa, tena vipande viwili, havijajikunja popote, kwa hiyo fundi vioo mzuri anaweza kuvikata hapa hapa nchini. Ila angalieni mambo mawili. La kwanza ni ile fremu, bodi ya Land Rover ni aluminiamu haili kutu, lakini fremu ya kioo ni chuma na inaoza kutokea ndani pale chini inapokaa juu ya dashibodi, mtu anaisifia Land Rover haiozi na huku fremu inashikiliwa na rangi tu. Itoeni, ina boliti zake tu, muigonge gonge msikie sauti. La pili ni aina ya kioo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ni maisha ya watu.

Kuna watu wanafunga kioo cha dirisha la nyumba kwenye Land Rover kwa kuwa ni bapa na ni rahisi. Kikipigwa na jiwe kinakatika vipande virefu vyenye ncha na vyote vinaelekea usoni na shingoni kwa dereva. Kioo cha mbele kiwe cha laminesheni, yaani vioo viwili vyembamba na karatasi ya plastiki katikati, kikipasuka kinabaki kimeshikana na dereva anaona njia mpaka asimame. Kile kinachopondeka punje punje ni kizuri milangoni, ila mbele kikipasuka kinageuka cheupe chote kwa sekunde moja na huoni kitu, na ukiwa mwendo wa barabara kuu ya Segera hiyo sekunde ni kubwa mno. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 60 yalikuja na hicho cha punje, kwa hiyo hata ukiwa na kioo cha asili ambacho ni kizima fikiria kukibadilisha kama gari itatembea kweli na sio ya maonyesho. Hapa najua wapenzi wa uasilia watanipinga, mi nasema uasilia nauheshimu kwenye mpira, kwenye kromu, kwenye rangi, lakini sio kwenye kitu kinachoweza kumpofusha dereva. Na wasiseme laminesheni ni mambo ya juzi, Mfaransa Édouard Bénédictus aliisajili mwaka 1909, kabla ya gari zote hizi.

Ukinunua angalia kona ya kioo kuna maandishi, soma kabla hujalipa. Na kioo cha laminesheni cha zamani kikianza kuwa na ukungu mweupe pembeni ule sio uchafu, maji yameingia kati ya vioo viwili kupitia ukingo, hautaufuta. Kama upo pembeni kabisa chini ya mpira unaweza kuvumilika, ukifika usawa wa macho ya dereva badilisha.

Sasa maombi yangu. Kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, najua mnafundisha ufundi wa bodi na rangi na mmetusaidia kupata vijana wazuri, ingekuwa vyema hii kazi ya mpira na kamba iwepo hata kwa wiki moja, kwa sababu wazee wanaoijua wanapungua na mi sijaiona imeandikwa popote kwa Kiswahili kinachoeleweka na kijana wa gereji. Nipo tayari kuja kuonyesha bila malipo, niletewe gari na kioo tu.

Kwa wanaokata magari chakavu, kabla hujapiga shoka toeni vioo. Kioo cha mbele cha 404, cha 504, cha Datsun ya zamani, kwenu ni taka, kwa mtu mwingine ni miezi ya kutafuta. Vilevile na ile mikanda ya kromu, msiichanganye na vyuma vya kilo.

Kwa wenye magari, lipieni muda. Fundi akikwambia kioo kinataka siku nzima na watu watatu usimuone mwizi, na akikwambia atakimaliza nusu saa peke yake muulize anatumia nini, akitaja silikoni chukua funguo zako. Ingieni gereji kabla kioo hakijafungwa muombe kuona ule ukingo wa bati kwa macho yenu, upigeni picha. Fundi mwaminifu atafurahi kuuonyesha.

Na kwako Mhariri, kurasa zenu za magari zinaandika sana bei za magari mapya na uagizaji wake, sio mbaya, ila tengeni nafasi hata mara moja kwa mwezi kwa kazi kama hizi za mikono, mtume mwandishi na mpiga picha gereji wakae siku nzima waone. Mlango wangu uko wazi, na kuna Beetle inasubiri kioo chake rangi ikishakauka, karibuni.

Fundi bodi,
Ngamiani, Tanga